Katherine Dunham

Katherine Mary Dunham (Chicago, Illinois, 22 Juni 1909 - New York, 21 Mei 2006) alikuwa mcheza dansi, mtunzi wa dansi, mwanaanthropolojia, mwandishi na mwalimu wa Marekani. Anajulikana kwa kuzipeleka ngoma za watu wenye asili ya Afrika wa visiwa vya Karibi kwenye majukwaa makubwa ya dunia, na kwa mbinu ya dansi inayoitwa kwa jina lake. Alianzisha pia shule mbili, moja jijini New York na nyingine katika mji maskini wa East St. Louis. Katika shule hizo mwanafunzi wa dansi hakufundishwa na mwalimu wa dansi peke yake. Alijifunza pia kwa wapiga ngoma, waigizaji, walimu wa lugha na wataalamu wa utamaduni, wengi wao wakiwa wageni kutoka nchi nyingine.

Utoto

Baba yake, Albert Millard Dunham, alikuwa fundi wa kushona nguo, mzawa wa watumwa waliotoka Afrika Magharibi na Madagaska. Mama yake, Fanny June, alikuwa na asili mchanganyiko, ikiwemo ya Wafaransa wa Kanada. Mama alifariki Katherine akiwa bado mdogo sana. Kwa kuwa baba alilazimika kusafiri kutafuta riziki, Katherine na kaka yake, Albert, walilelewa kwa muda na shangazi yao katika mitaa ya kusini ya Chicago, walikoishi Weusi wengi.

Baadaye baba alioa tena. Mke wake mpya, Annette Poindexter, alikuwa amewahi kuwa mwalimu. Familia ilihamia Joliet, mji ulio karibu na Chicago, na kufungua udobi. Katherine alipenda michezo na dansi tangu shuleni. Akiwa na umri wa miaka 15 aliandaa onyesho la nyimbo na dansi ili kuchangisha fedha za kanisa lao la Kimethodisti.

Masomo na walimu wa kwanza

Baada ya kusoma chuo cha Joliet, Dunham alimfuata kaka yake katika Chuo Kikuu cha Chicago. Kaka huyo alisoma falsafa, naye Katherine aliangukia anthropolojia, yaani elimu ya binadamu na utamaduni wao. Mwalimu aliyemvuta zaidi alikuwa Robert Redfield. Kwake Dunham alielewa kwamba mambo mengi ya maisha ya Wamarekani Weusi, ikiwemo namna yao ya kucheza, yalikuwa na mizizi Afrika. Wakati huo wasomi wengi bado waliamini kwamba utumwa ulikuwa umefuta kila kitu.

Wakati huohuo alijifunza dansi kwa walimu wa aina mbalimbali. Ludmilla Speranzeva, mhamiaji kutoka Urusi, alimfundisha dansi iliyochanganywa na uigizaji, na kumsisitizia kwamba mchezaji lazima asimulie jambo kwa mwili wake. Mark Turbyfill, aliyemfundisha baleti, alikuwa pia mshairi. Ruth Page, mtunzi mashuhuri wa baleti wa Chicago, alimpa nafasi katika La Guiablesse, mchezo uliotokana na hadithi ya Martinique. Mafunzo hayo ya mchanganyiko yalimwachia mazoea aliyoyabeba katika shule zake mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alijaribu kuunda kikundi cha baleti cha wachezaji Weusi, lakini hakikudumu. Shule nyingi za dansi hazikuwapokea wanafunzi Weusi, na kupata ukumbi wa mazoezi kulikuwa kazi ngumu.

Utafiti katika visiwa vya Karibi

Mwaka 1935 Dunham alipata ufadhili wa Mfuko wa Rosenwald wa kwenda kuchunguza ngoma za visiwa vya Karibi. Kabla ya kuondoka aliandaliwa na Melville Herskovits wa Chuo Kikuu cha Northwestern, mtaalamu wa tamaduni za Afrika. Alitembelea Jamaika, Martinique, Trinidad na Haiti.

Nchini Jamaika aliishi Accompong, kijiji cha Wamaroon, ambao ni wazawa wa watumwa waliotoroka na kupigania uhuru wao milimani. Haiti ndiko alikokaa kwa muda mrefu zaidi. Alichunguza ngoma za ibada ya Vodun na hatimaye akakubaliwa kuwa mfuasi wa dini hiyo. Hakutaka kuwa mtazamaji wa pembeni mwenye kalamu na daftari tu, bali alicheza pamoja na wenyeji. Ilimbidi ajifunze pia nyimbo, mapigo ya ngoma, lugha na maana ya kila tendo, kwa kuwa wenyeji hawakuvitenganisha vitu hivyo.

Jambo hilo halitamshangaza msomaji wa Kiswahili, kwa maana katika lugha yetu neno ngoma hutaja chombo kinachopigwa, uchezaji wenyewe na hata shughuli nzima inayokusanya watu. Kwa shule za sanaa za Marekani za wakati huo lilikuwa jambo geni. Dansi ilikuwa na darasa lake, muziki darasa lake, na historia ya watu ilisomwa jengo jingine kabisa.

Alirudi Chicago mwaka 1936 na kupata shahada yake ya kwanza. Alianza masomo ya shahada ya pili, lakini ilimpasa kuchagua kati ya kuwa msomi wa chuo na kuwa msanii. Alichagua jukwaa, ingawa hakuacha utafiti. Kuhusu safari hizo aliandika vitabu Journey to Accompong (1946) na Island Possessed (1969), pamoja na utafiti wake juu ya ngoma za Haiti.

Kazi ya jukwaani

Mwaka 1938 alionyesha L'Ag'Ya jijini Chicago, chini ya mpango wa serikali wa kuwapa kazi wasanii wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Mchezo huo ulitokana na ag'ya, mchezo wa kupigana kwa kufuata ngoma aliouona Martinique. Katika mpango huo alifanya kazi na John Pratt, mbunifu wa mavazi na mapambo ya jukwaa. Walioana mwaka 1941, na Pratt akabuni mavazi ya maonyesho yake mpaka alipofariki mwaka 1986. Pratt alikuwa Mzungu, na wakati huo ndoa kama yao ilikuwa marufuku katika majimbo mengi ya Marekani. Baadaye walimlea binti wa kupanga, Marie-Christine.

Kikundi cha Dunham kilipata sifa jijini New York mwaka 1940. Mwaka huohuo kilishiriki Cabin in the Sky, mchezo wa Broadway ambao Dunham aliutungia dansi pamoja na George Balanchine. Mwaka 1943 kilionekana katika filamu ya Stormy Weather, na mwaka huohuo Dunham akaanza kuzunguka nchini na onyesho la Tropical Revue. Baada ya Vita Kuu ya Pili kikundi kilizuru Meksiko, Uingereza, Ufaransa, Amerika ya Kusini na nchi nyingine nyingi, kwa kiasi kikubwa bila msaada wa serikali. Mapato ya tiketi ndiyo yaliyolipa mishahara, nauli na hoteli.

Shule ya New York

Katikati ya miaka ya 1940 Dunham alifungua shule jijini New York, ambayo muda mfupi baadaye ilihamia eneo la Broadway. Mpango wa masomo yake ulikuwa mpana kuliko wa shule nyingi za dansi za wakati huo. Mwanafunzi alisoma baleti, dansi ya kisasa na ngoma za Karibi. Zaidi ya hayo alisoma uigizaji, upigaji ngoma, lugha na anthropolojia. Wapiga ngoma kutoka Haiti na Kuba walipiga moja kwa moja darasani, na wanafunzi walitakiwa kujua pigo fulani limetoka wapi na huchezwa wakati gani.

Miongoni mwa walimu alikuwepo Syvilla Fort. Kabla ya kujiunga na Dunham, Fort alikuwa amesoma katika Shule ya Cornish mjini Seattle. Huko mwanamuziki John Cage alimtungia muziki wa dansi yake iitwayo Bacchanale. Kwa kuwa ukumbi ulikuwa mdogo na haukutosha kuweka vyombo vingi, Cage alipachika vitu katikati ya nyuzi za piano hadi ikatoa sauti kama za ngoma na kengele. Fort aliisimamia shule ya Dunham kwa miaka kadhaa, hasa wakati Dunham alipokuwa safarini na kikundi chake.

Shule ilipokea wanafunzi Weusi na Weupe pamoja, jambo lililokuwa nadra. Eartha Kitt alianzia hapo na katika kikundi cha Dunham kabla ya kuwa mwimbaji mashuhuri. Waigizaji kadhaa wa filamu, wakiwemo Marlon Brando na James Dean, walihudhuria masomo. Brando alipenda sana darasa la ngoma.

Hata hivyo shule ilikuwa na tatizo lililojirudia: ilitegemea fedha za ziara. Kikundi kikikosa mapato, shule nayo iliyumba. Dunham alipokuwa ng'ambo kwa miezi mingi, madeni yaliongezeka nyumbani. Baada ya takriban miaka 10 shule ilifungwa.

Kupinga ubaguzi

Katika ziara zake Dunham alikabili ubaguzi wa rangi mara kwa mara, nao ulimgharimu kazi na fedha. Mwaka 1944, mjini Louisville, Kentucky, watazamaji Weusi na Weupe walitenganishwa ukumbini. Mwisho wa onyesho aliwaambia watazamaji kwamba hatarudi tena mpaka watu wa rangi zote waweze kuketi pamoja.

Mwaka 1950 hoteli moja ya São Paulo, Brazil, ilikataa kumpokea kwa sababu ya rangi yake. Alilalamika hadharani na habari ikasambaa magazetini. Mwaka uliofuata Brazil ilipitisha sheria ya kuadhibu ubaguzi wa rangi katika hoteli, maduka na sehemu nyingine za umma. Tukio hilo hutajwa kuwa mojawapo ya sababu zilizoharakisha sheria hiyo.

Mwaka 1951 alionyesha Southland nchini Chile, mchezo kuhusu mauaji ya Weusi mikononi mwa makundi ya watu kusini mwa Marekani. Ubalozi wa Marekani haukufurahishwa. Dunham aliuonyesha tena Paris mwaka 1953. Katika miaka iliyofuata serikali ya Marekani iligharimia ziara za vikundi vingine vya dansi, huku kikundi chake kikiachwa kijitegemee.

Senegal

Mwaka 1963 Dunham alitunga dansi za opera ya Aida katika Metropolitan Opera ya New York, akiwa miongoni mwa Weusi wa kwanza kupewa kazi hiyo. Kikundi chake kilikuwa kinaelekea mwisho. Baada ya hapo alikwenda Senegal, ambako Rais Léopold Sédar Senghor, aliyekuwa pia mshairi, alikuwa akiandaa Tamasha la Kwanza la Dunia la Sanaa za Weusi lililofanyika Dakar mwaka 1966. Dunham alikuwa mshauri wa tamasha hilo na alisaidia kuwafunza wachezaji wa kikundi cha taifa. Miongoni mwa wasanii aliokutana nao Senegal alikuwemo Mor Thiam, mpiga ngoma wa jembe, ambaye baadaye alimwalika Marekani.

East St. Louis

Kabla ya kwenda Dakar, Dunham alikuwa ameanza kufanya kazi na Chuo Kikuu cha Southern Illinois kama msanii mgeni. Kupitia chuo hicho aliujua mji wa East St. Louis, ulio ng'ambo ya Mto Mississippi ukitazamana na St. Louis. Mwaka 1917 makumi ya wakazi Weusi wa mji huo waliuawa na makundi ya Wazungu, na maelfu wakakimbia. Kufikia miaka ya 1960 viwanda vilikuwa vinafungwa, ajira zinapotea, na vijana wengi wamejiunga na magenge.

Dunham angeweza kuishi New York, Paris au katika nyumba yake ya Haiti, lakini mwaka 1967 alihamia mji huo akiwa na umri wa miaka 58. Muda mfupi baada ya kufika, polisi walipowakamata vijana aliokuwa akizungumza nao, aliwafuata kituoni kuuliza sababu, naye akatiwa mahabusu kwa saa kadhaa. Tukio hilo liliwafanya vijana wengi wamwamini.

Mwaka huohuo alianzisha Kituo cha Mafunzo ya Sanaa za Maonyesho chini ya chuo kikuu. Aliurudisha mpango wa shule ya New York, safari hii kwa watoto na vijana wasioweza kulipa ada kubwa. Kulikuwa na dansi, maigizo, ngoma, lugha na sanaa za kujihami kama karate. Vijana wa magenge walivutwa zaidi na ngoma na karate, na kupitia hizo wengine waliingia katika masomo mengine. Mor Thiam aliwafundisha mapigo ya Afrika Magharibi. Wasanii wa Haiti nao waliletwa, na mshairi Eugene Redmond, aliyekulia katika mji huo, alikuwa mshauri.

Dunham aliwaleta wageni kwa sababu maalumu. Kijana wa East St. Louis alikuwa amesikia kwamba hana historia wala utamaduni wa kujivunia. Alipofundishwa ngoma na Msenegali aliyeirithi kwa wazee wake, kisha akaona mwendo uleule katika dansi ya Haiti na katika dansi za mtaani kwake, alipata ushahidi wa wazi kwamba sivyo. Dunham aliiita kazi hiyo kulea watu katika jamii kwa njia ya sanaa. Hakutarajia kila mwanafunzi awe mcheza dansi. Alitaka kila mmoja ajue alikotoka na aweze kuishi na wenzake.

Wanafunzi wa kituo walionyesha kazi zao katika shule na miji ya jirani, na mwaka 1970 kundi la watoto lilikwenda Washington kushiriki mkutano wa kitaifa kuhusu watoto ulioitishwa na Ikulu. Mwaka 1972 Dunham aliongoza Treemonisha, opera ya Scott Joplin, ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza kikamilifu mjini Atlanta. Opera hiyo inahusu msichana Mweusi anayeiongoza jamii yake kwa nguvu ya elimu. Mwaka 1977 alifungua makumbusho mjini East St. Louis, akiweka ngoma, vinyago na mavazi aliyoyakusanya katika safari zake.

Kituo hakikuuondolea mji umaskini. Viwanda havikurudi, wakazi waliendelea kuhama, na fedha za kuendesha mipango ya Dunham zilipungua mwaka hadi mwaka. Alibaki hapo kwa zaidi ya miaka 30.

Mbinu ya Dunham

Mbinu ya Dunham inaunganisha misingi ya baleti na dansi ya kisasa na miondoko ya Karibi na Afrika. Darasa huanza kwa pumzi na mazoezi ya kunyoosha mwili, mengine yakifanywa kwa kushika mhimili. Kisha wanafunzi hufundishwa kutenga viungo, yaani kusogeza kichwa, mabega, mbavu au nyonga peke yake huku sehemu nyingine zikitulia. Baadaye viungo hivyo hufuata mapigo tofauti kwa wakati mmoja, kama ilivyo katika ngoma nyingi za Afrika. Mwisho wanafunzi huvuka ukumbi kwa mistari, wakifuata ngoma zinazopigwa palepale.

Dunham alisisitiza kwamba umbo la mwendo haliwezi kutenganishwa na kazi yake katika jamii. Kwa hiyo mwalimu wa mbinu hii hutakiwa kujua pia historia na utamaduni uliozaa miondoko anayoifundisha.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1983 Dunham alipewa heshima ya Kituo cha Kennedy mjini Washington, na mwaka 1989 akapokea Nishani ya Taifa ya Sanaa. Katika msimu wa 1987-88 kikundi cha Alvin Ailey kilizifufua kazi zake kadhaa. Ailey mwenyewe alivutiwa na dansi baada ya kuliona kundi la Dunham mjini Los Angeles akiwa kijana.

Mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 82, aligoma kula kwa siku 47 kupinga hatua ya serikali ya Marekani ya kuwarudisha wakimbizi wa Haiti waliokamatwa baharini. Aliacha mgomo baada ya kuombwa na Jean-Bertrand Aristide, rais wa Haiti aliyekuwa amepinduliwa. Alifariki usingizini jijini New York tarehe 21 Mei 2006, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 97.

Urithi

Mbinu ya Dunham bado inafundishwa Marekani na kwingineko, na walimu wake hupitia mafunzo maalumu kabla ya kuthibitishwa. Uchunguzi wake wa Karibi unahesabiwa miongoni mwa kazi za mwanzo za anthropolojia ya dansi. Mor Thiam aliendelea kufundisha na kupiga ngoma Marekani, na mwanawe ni mwanamuziki Akon. Mtindo wa kuwaalika wapiga ngoma, washairi na wataalamu wa utamaduni katika madarasa ya dansi, uliokuwa mgeni katika miaka ya 1940, leo ni jambo la kawaida katika vyuo vingi vya sanaa.